Damu ya Saa Sita Usiku: Stori ya Matende na Mabusha Kutoka Delta ya Rufiji

Ukitoka Mbagala ukashika barabara ya Kilwa kwenda kusini, unapita Mkuranga, unafika Kibiti. Hapo wengi wananunua korosho, wananyoosha miguu na safari ya Lindi na Mtwara inaendelea. Wachache wanaokata kushoto kuelekea Nyamisati ndio wanaoiona delta yenyewe: mto Rufiji unagawanyika vijito chungu nzima, mikoko imesimama kwenye tope, mitumbwi inapita na mpunga umetandazwa hadi macho yanachoka. Huu ndio msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Watu wa historia wanaijua delta hii kwa sababu ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha humo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuishia humohumo Julai 1915. Majina ya makapteni yapo vitabuni, mizinga ya meli inajulikana ilikopelekwa.

Lakini kuna vita nyingine iliyopiganwa huko kwa muda mrefu zaidi. Haina kapteni maarufu. Askari wake ni wakulima wa mpunga, wavuvi na akina mama waliotoa damu yao usiku, wakameza vidonge mwaka baada ya mwaka, na majina yao hayapo popote. Ni vita ya matende na mabusha.

Kicheko kinachouma

Tuseme ukweli, mtaani busha ni kichekesho. Lipo kwenye vichekesho vya jukwaani, lipo kwenye stika za WhatsApp, lipo kwenye utani wa watu wa bara kwa watu wa Pwani. Na watu wa Pwani nao hawakubaki nyuma, wapo wazee waliolitania wenyewe kama alama ya heshima ya mtu mzima.

Tatizo ni kwamba utani unaishia kwenye kijiwe. Nyumbani mambo ni mengine. Mwanaume mwenye busha kubwa anaacha kwenda shamba kwa sababu kutembea ni kazi. Anavaa kanzu au msuli pana siku zote. Anakwepa harusi na misiba. Kijana akianza kuona dalili, anakaa kimya miaka, hataki hata mke ajue. Mama mwenye tende naye mguu unavimba, ngozi inakuwa ngumu na kukunjamana, homa inamrudia kila baada ya muda na siku hizo hawezi kuamka. Watoto wanamwita majina.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa dunia wa kutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 120 duniani wana vimelea vyake, na kama milioni 40 kati yao wameshapata ulemavu au uvimbe. Ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuacha watu na ulemavu wa kudumu. Hauui haraka. Unamwacha mtu hai, ila unamtoa kwenye maisha ya wenzake.

Madafu, uchawi na mkosi wa ukoo

Kabla ya darubini watu walikuwa na majibu yao. Pwani nzima inajulikana ile imani kwamba ukinywa sana madafu utapata busha. Wengine walisema mguu umevimba kwa sababu mtu kakanyaga kitu alichotegewa njiani. Wengine waliona baba analo, mtoto kalipata, wakasema ni la ukoo.

Usicheke haraka. Ukiangalia vizuri, kila imani hapo ilishika kipande cha ukweli. Madafu yanapatikana pwani, na ugonjwa upo zaidi pwani. Ulikuwa unapatikana palepale mnazi unapoota, kwa hiyo mnazi ukabeba lawama. Na kweli ugonjwa unaonekana kwenye familia moja, kwa sababu familia inalala nyumba moja na kuumwa na mbu walewale. Macho ya watu yaliona sawasawa, ila sababu ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho.

Wageni pia waliona. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Zanzibar Desemba 1856, aliandika kuhusu watu wenye uvimbe wa miguu na wa korodani aliowakuta huko. Hakujua unatoka wapi. Wakati huo hakuna aliyejua, hata London.

Mtunza bustani wa China

Majibu yalikuja vipande vipande, kutoka pande tofauti za dunia. Mwaka 1863 daktari mmoja Paris aliona vijidudu vidogo kwenye maji ya busha. 1866 Otto Wucherer akaviona Brazil kwenye mkojo. 1872 Timothy Lewis akaviona Calcutta ndani ya damu. 1876 Joseph Bancroft akampata mnyoo mkubwa mwenyewe huko Brisbane, Australia. Ndo maana mnyoo huyu anaitwa Wuchereria bancrofti, majina ya madaktari wawili yameunganishwa.

Sasa swali likabaki: unatokaje kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine? Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China, aliwaza kwamba labda mbu anahusika. Mwaka 1877 alimchukua mtunza bustani wake, aliyekuwa na vimelea kwenye damu, akamlaza usiku kwenye chumba chenye mbu. Asubuhi wale mbu walioshiba damu wakakusanywa, Manson akawapasua mmoja mmoja. Akaona vimelea vinakua ndani ya mbu.

Hii ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya tiba kuonyeshwa kwamba mdudu anayeuma anabeba na kukuza kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Utafiti wa malaria uliomletea Ronald Ross tuzo ya Nobel ulijengwa juu ya wazo hilohilo. Manson akawa mtu mkubwa, akaitwa baba wa tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Mtunza bustani, aliyelala akiumwa na mbu usiku kucha, alibaki mtunza bustani.

Na Manson mwenyewe alikosea nusu ya stori. Alidhani mbu akishakunywa damu anakwenda kufia majini, na mtu anapata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Ilibidi kusubiri mpaka 1900, George Carmichael Low alipochunguza mbu waliotumwa kutoka Australia na kukuta vimelea vimejipanga kwenye mrija wa kunyonyea damu, vikisubiri kuuma kwingine. Hapo mduara ukakamilika.

Baba yake Stephen Hawking alikuwa Tanganyika

Hili wengi hawalijui. Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa kiti cha magurudumu aliyetengenezewa filamu, baba yake Frank Hawking alikuwa mtafiti wa magonjwa ya nchi za joto, na alifanya kazi Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Moja ya kazi zake ilikuwa kuchora picha ya jinsi ugonjwa huu ulivyosambaa Tanganyika. Andiko lake lilichapishwa 1940. Vita ilipoanza alilazimika kukatiza Afrika kwa nchi kavu kutafuta meli ya kurudi kwao.

Kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu? Kwa sababu ya tabia moja ya ajabu ya vimelea hivi. Mchana huvioni. Chukua damu ya mgonjwa saa nne asubuhi, utaambiwa yuko safi. Rudi kwake kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, damu ileile imejaa. Vimelea vinatoka kuzunguka karibu na ngozi muda uleule ambao mbu wanaovibeba wanatoka kutafuta damu. Miaka ya baadaye Hawking na mwenzake walionyesha vinakojificha mchana: kwenye mishipa midogo ya mapafu.

Hebu piga picha. Ni enzi za ukoloni, kijiji hakina umeme. Usiku wa manane wageni wanakuja na taa na vioo, wanagonga mlango, wanaomba damu. Na hii ni pwani ambako stori za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao usiku, zilikuwa zinatembea kila mahali. Mtu aliyenyoosha kidole chake usiku ule alikuwa na sababu zote za kukikunja. Wengi walikinyoosha. Kila doa kwenye ramani za matende za Tanganyika limetokana na vidole hivyo.

Mwaka 1949 kituo cha utafiti wa filaria cha Afrika Mashariki kilianzishwa Mwanza. Miaka ya 1950 daktari Peter Jordan na wenzake walizunguka nchi, na picha ikazidi kuwa wazi kwamba ukanda wa pwani ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Baadaye kazi hizo za utafiti zikarithiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979.

Kwa nini delta?

Mnyoo jike mzima ana urefu wa kama sentimita 8 hadi 10, mwembamba kama uzi. Anakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na anaweza kuishi miaka 5 hadi 8 akizaa mamilioni ya watoto. Mishipa inatanuka na kuharibika, maji yanakwama, ndo mguu unavimba au korodani inajaa maji.

Lakini mbu mmoja hatoshi. Tofauti na malaria, ambapo kuumwa mara moja kunaweza kukulaza kitandani, hapa inahitaji kuumwa mara nyingi, miezi na miaka. Mtu anaweza kuambukizwa utotoni na dalili zikaja akiwa na miaka thelathini. Ndo maana mgeni wa wiki mbili hapati tende, na mkulima wa delta anapata.

Mkulima wa delta anaishi na maji. Mpunga unataka maji, na maji yaliyotuama yanazaa mbu wa Anopheles, haohao wa malaria. Msimu wa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, familia zinahamia shambani na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mara nyingi bila ukuta wa maana.

Na wa mjini usijione umepona. Kuna mbu mwingine, Culex, yule anayependa maji machafu, vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Huyo naye anabeba vimelea hivihivi, na Dar es Salaam yupo wa kutosha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki, kama zile za kufungashia televisheni, kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea juu, mbu wakakosa pa kutagia, wakapungua vibaya mno. Wakachanganya na dawa kwa watu, maambukizi yakashuka.

Dawa iliyotoka kwenye udongo

Dawa ya kwanza ya maana, inayoitwa DEC kwa kifupi, iligunduliwa 1947. Inaua vimelea vidogo vizuri. Lakini Tanzania ina ugonjwa mwingine wa minyoo, usubi, unaopofusha macho, hasa maeneo kama Mahenge na Tukuyu. Mwenye usubi akimeza DEC anaweza kupata madhara makali, hata kwenye macho. Kuigawa nchi nzima ilikuwa hatari.

Mlango ulifunguliwa na udongo wa Japani. Miaka ya 1970 Satoshi Omura aliokota udongo karibu na uwanja wa gofu, ndani yake kukawa na bakteria ambaye yeye na William Campbell wa Marekani walimtumia kupata dawa ya ivermectin. Hiyohiyo iliyopigiwa kelele sana mitandaoni wakati wa korona. Mwaka 2015 wawili hao walipata Nobel. Kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure 1987 kwa ajili ya usubi, na 1998 ikaongeza matende. Mwaka huo pia albendazole, dawa ya minyoo, ikaahidiwa bure.

Oktoba 2000 Tanzania ikaanza. Sehemu ya kwanza ilikuwa Mafia, kisiwa ambacho watu wa delta wanakivukia kwa boti kutoka Nyamisati. Kisha kampeni ikarudi bara, Pwani ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Aliyeuongoza mpango huo alikuwa mwanasayansi wa Kitanzania, Dkt. Mwele Malecela, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza NIMR, kisha akaenda Shirika la Afya Duniani kusimamia kitengo cha magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Alifariki Februari 2022.

Yeye jina lake linajulikana. Waliobeba vidonge mlango kwa mlango ni wanakijiji waliochaguliwa na wenzao, wakipita kwenye tope na mitumbwi na ile fimbo yenye alama. Fimbo? Ndiyo. Idadi ya vidonge vya ivermectin inapangwa kwa urefu wa mtu, maana mizani ni ghali na nzito kubeba. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Mjamzito hapewi.

Uvumi mwingine ukazaliwa

Sasa fikiria unavyoonekana. Mtu anakuja kwako huumwi, anakupima urefu, anakupa vidonge vya bure, anataka umeze mbele yake. Halafu mke wako mjamzito anaambiwa yeye asimeze. Mtaani jibu likapatikana haraka: hizi ni dawa za kuzuia uzazi. Stori ikasambaa kuliko kampeni.

Kingine kilichoharibu ni maudhi ya dawa. Wengine walipata homa, kichwa, kizunguzungu. Wataalamu wanajua sababu: vimelea vingi vikifa kwa pamoja mwili unalalamika. Yaani aliyekuwa navyo wengi ndiye aliyejisikia vibaya zaidi, na ndiye aliyeapa kutorudia mwaka unaofuata. Yule hasa aliyehitajika ndiye aliyekimbia.

Na dawa hizi haziwaui vizuri wale minyoo wakubwa. Zinafagia watoto wao kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Mnyoo mzima anaendelea kuishi, anazaa tena. Ndo maana inabidi kumeza kila mwaka, angalau miaka mitano, na angalau watu 65 katika kila 100 wameze, hadi minyoo izeeke na kufa.

Rufiji, ambayo kwa miaka mingi Kibiti ilikuwa sehemu yake, ilipita miaka mitano. Utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba baada ya awamu tisa za kingatiba bado watoto wa shule walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Mwingine wa 2018, baada ya awamu kumi na mbili, ukaonyesha mambo yameshuka sana, lakini vimelea havijaisha kabisa, kwa watu wala kwa mbu. Zanzibar nayo ilisimamisha ugawaji 2006 ikiamini imemaliza, baadaye ikagundulika bado vipo, ikabidi kurudi kumeza.

Ukiwa na nyumba mia na tano hazijameza, hizo tano zinatosha kuwalisha mbu wa kijiji. Aliyekuwa dungu siku wagawaji walipopita, aliyekataa, aliyehamia juzi, wote wanaingia kwenye hesabu. Neti ilisaidia, maana ya malaria ni ya matende pia. Lakini neti iko nyumbani, na mpunga uko shambani.

Wanaume 72 wa Kimang'a

Je, mnyoo mzima hafi? Jibu moja lilitoka kijiji cha Kimang'a, Pangani, mkoani Tanga. Ndani ya mnyoo anaishi bakteria anayeitwa Wolbachia, na mnyoo hawezi kuishi vizuri bila yeye. Wanaume 72 wa kijiji hicho walikubali kushiriki utafiti: nusu wameze doxycycline, dawa ya kawaida tu ya duka la dawa, kila siku kwa wiki nane, nusu wameze vidonge visivyo na dawa, bila yeyote kujua kapewa kipi. Baada ya miezi kadhaa, kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kwamba kwa wengi wa waliomeza doxycycline minyoo wazima hawaonekani tena. Matokeo yakachapishwa 2005 kwenye jarida la Lancet, moja ya majarida makubwa ya tiba duniani.

Wiki nane za vidonge ni ndefu mno kwa kampeni ya nchi nzima, na dawa hiyo haitolewi kwa wajawazito wala watoto wadogo. Lakini ujuzi huo unatumika dunia nzima sasa, na umetokana na wanaume 72 wasiojulikana.

Kilichobaki ni aibu

Habari njema zipo. Busha linatibika kwa upasuaji, na kumekuwa na kambi za upasuaji huo mikoa ya pwani ambako wazee walioishi nalo miaka ishirini wanarudi nyumbani wepesi. Kipimo cha siku hizi kinachukua tone la damu mchana, majibu yanatoka baada ya dakika kama kumi. Hakuna tena kugonga mlango usiku.

Tende ni gumu zaidi, mguu uliokwisha kuharibika haurudi kama zamani. Ila zile homa za kurudiarudia zinazouzidisha zinasababishwa sana na bakteria wanaoingia kwenye michubuko. Kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hasa katikati ya vidole, kuuinua ukikaa, kuufanyisha mazoezi na kuvaa viatu vinapunguza hali hiyo sana. Sabuni na ndoo, basi. Togo ilithibitishwa kuushinda ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2017, Malawi 2020. Inawezekana.

Lakini upasuaji hauwezi kumsaidia anayejificha. Na anayejificha hajifichi kwa sababu ya mnyoo, anajificha kwa sababu ya kicheko. Kila stika ya busha inayotumwa kwenye grupu inamfikia pia kijana mmoja aliyeanza kuona uvimbe mwezi uliopita, na anacheka na wenzake, halafu anazima simu.

Babu yake huenda ndiye aliyenyoosha kidole usiku ule, taa ya chemli ikiwaka, na moyo ukienda mbio.